Tuliunda mashine ya kunyamazisha watu maktabani, ikamnyamazisha mgeni wa heshima

Niaje wakuu. Wale wa kusoma kimyakimya bila kuacha neno, leo uzi huu ni wenu hasa.

Nimesoma visa vya watu humu siku nyingi nikijiambia mimi sina changu. Sasa ninacho. Sitatia chumvi, maana chenyewe kimekolea. Majina nimebadilisha na maktaba sitaitaja. Mkiitambua, kaeni nayo hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa opereta kwenye kiwanda cha plastiki huko Baba Dogo. Beseni, ndoo, vitu hivyo. Kiwanda kikapunguza watu, nikawa mmoja wa waliopunguzwa.

Nikawa mtu wa kochi. Asubuhi kochi, jioni kochi, simu mkononi. Siku moja mke wangu akasimama mbele yangu akasema, "Baba Mumo, hilo kochi limeanza kuchukua umbo lako. Hebu nenda mahali."

Nikaenda maktaba ya umma ya mtaa wetu, upande huu wa Makadara. Nisidanganye kwamba nilifuata elimu. Nilifuata wi-fi ya bure nitume maombi ya kazi.

Sasa, mkutubi mkuu pale ni mama mmoja wa Kitui, nimwite Madam Syombua. Mwili mdogo, miwani na funguo vyote viko kwenye kamba moja shingoni, viatu vya soli ya mpira. Humsikii akija. Unageuka tu, yuko hapo.

Kazi yake miaka yote imekuwa kusema "kimya tafadhali". Na miaka yote watu wamekuwa wakinyamaza muda wa kumeza mate, halafu wanaendelea.

Siku niliyoingia alikuwa amesimama mbele ya rundo la maboksi kama mtu aliyeletewa ng'ombe ghorofa ya nne.

Wafadhili walikuwa wametuma vifaa. Printa ya 3D, yaani ile mashine inayoyeyusha uzi wa plastiki na kujenga kitu tabaka kwa tabaka. Drili. Misumeno midogo. Chuma cha kuchomea waya. Bodi ndogo za elektroniki. Wazo lilikuwa kwamba watu wa mtaa waje wajifunze kwa mikono, si kwa kusoma tu.

Lakini kulikuwa na sharti. Vifaa vilikuwa vya majaribio. Mkubwa mmoja kutoka ofisi ya mjini angekuja kukagua. Akikuta vinatumika, vinabaki. Akikuta vimelala, vinapelekwa maktaba nyingine.

Madam akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nilikuwa wa plastiki.

"Na hii inatengeneza vitu vya plastiki," akasema akigonga boksi kwa kidole. "Si ni kitu kimoja?"

Si kitu kimoja, wakuu. Lakini msee asiye na kazi hakatai cheo. Nikawa mwalimu.

Akanipa chumba cha stoo nyuma ya rafu za magazeti ya zamani, na masharti yake: "Mtengeneze chochote mnachotaka. Lakini nisisikie."

Nilidhani anatania. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Basi tukawa karakana ya kwanza duniani inayofanya kazi kwa kunong'ona. Mlango tuliuziba kwa magodoro mabovu. Nyundo tuliivisha soksi. Na drili, ambayo haivishiki soksi, tulikuwa tunaitumia treni ikipita tu.

Sijasema uongo. Reli iko karibu. Unawakuta watu wazima wamesimama wamenyanyua drili, macho dirishani, wanangoja treni. Ikilia tu, woote wanatoboa. Ikipita, wanashusha mikono. Ikichelewa, tunakunja karatasi, kazi isiyo na kelele.

Watu walikuja, lakini waliokuja kila siku walikuwa wawili.

Wa kwanza ni Mzee Mutiso. Amechonga vinyago maisha yake yote, twiga na vifaru vya kuuzia watalii. Sasa vidole vya mkono wa kushoto vimekataa kufunga. Hawezi kushika patasi. Alikuja akaniuliza, bila haya wala huruma kwa nafsi yake, "Kijana, hiyo mashine yako inaweza kunitolea mkono?"

Nikamwambia mkono hapana, lakini tunaweza kujaribu mpini wa patasi unaotoshea vile mkono wake unavyoweza kushika.

Tukampa donge la unga wa chapati alifinye. Tukapima lile donge, nikalichora kwenye kompyuta, nikachapisha. Mpini wa kwanza ulitoka kama tangawizi. Wa pili ulivunjika alipoushika tu. Mzee akauangalia akasema, "Huu ni wa kuchonga siagi."

Mtu wa pili ni Mama Halima, anauza thamosi na sufuria kule Eastleigh. Wazazi wake walitoka Somalia, yeye kazaliwa hapa hapa Eastlands. Thamosi zake zikisafirishwa vifuniko vinavunjika, na thamosi bila kifuniko hakuna anayenunua. Akataka kujifunza kuchapisha vifuniko mwenyewe.

Mathe mzuri sana. Tatizo lake ni moja: hajui kunong'ona. Sauti yake imekulia sokoni. Akikunong'oneza siri, mlinzi wa getini anaitikia.

Na hapo ndipo ngori ilipoanza. Hall yetu ya kusomea imejaa vijana wanaosomea mitihani ya uhasibu. Wale hawataki mchezo. Wakalalamika kwa Madam kwamba kuna mama nyuma ya rafu anatangaza vifuniko.

Madam akaja stoo. Hakugomba. Alisema tu kwamba atafunga chumba mpaka mkubwa wa mjini aje.

"Madam," nikasema, "akija akute kumefungwa, atavichukua."

"Basi avichukue."

Akaondoka na viatu vyake visivyolia. Mzee Mutiso akashika ule mpini uliovunjika, akaunganisha vipande viwili, vikaachana tena. Wakuu, ningependelea angetukana.

Mama Halima ndiye aliyevunja kimya. (Ni kawaida yake.)

"Huyu Madam amechoka," akasema. "Angalia, hata anapoomba kimya sauti yake haitoki. Fundi, si umtengenezee kitu cha kuomba kwa niaba yake?"

Hebu fikirieni. Sensa ndogo, yaani kihisi cha kusikia sauti, bodi moja ya elektroniki, spika ya redio kuukuu, betri. Kelele ikipita kiwango, mashine inasema. Vifaa vyote tulikuwa navyo.

Nikampelekea Madam mpango: tukuundie mtu wa kukusaidia kunyamazisha, utuachie chumba. Akafikiria siku mbili tatu. Akakubali, lakini akasema sauti lazima iwe yake, maana hawezi kuacha mgeni afokee watu wake.

Tukamrekodi stooni. Tulirudia sana, kwa sababu alikuwa akinyamaza kila treni ikipita, kwa heshima. Mwishowe tukapata hii:

"Kimya tafadhali. Hapa si sokoni."

Mama Halima akakasirika. "Sokoni kuna ubaya gani?"

Tukaifunga ukutani asubuhi. Kijana mmoja akacheka kwa sauti. Ikamwambia. Akanyamaza! Akaangalia huku na huku, Madam hayupo, sauti yake ipo. Hall ikatulia kama maji ya mtungini. Madam akachungulia kutoka ofisini kwake, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Ilidumu mpaka mchana.

Kosa lilikuwa langu. Sikufikiria kwamba mashine nayo ina masikio. Mtu alipiga chafya, ikasema. Halafu ikajisikia yenyewe ikisema. Ikajinyamazisha. Ikajisikia tena.

"Kimya tafadhali. Hapa si sokoni. Kimya tafadhali. Hapa si sokoni. Kimya tafadhali."

Ikawa inagombana na nafsi yake bila kupumua. Madam akatoka ofisini, akasimama chini yake, akaisikiliza muda mrefu kabla sijafika kuchomoa waya.

"Hivyo ndivyo huwa nasikika?" akaniuliza.

Nikamwambia ni hitilafu tu ya mitambo. Akarudi ofisini pole pole.

Nikaifanya iwe kiziwi kwa muda mfupi kila inapomaliza kusema. Ikapona.

Wale vijana wa uhasibu wakaanza kuihujumu sasa, maana iliwanyamazisha hata wao, wanaibandika chingamu kwenye sensa. Madam akamwita fundi wa kuchomelea aliye ng'ambo ya barabara, akaifungia ndani ya kizimba cha chuma juu ukutani, kufuli, na funguo kwenye ile kamba ya shingoni. Stima nazo zinapotea ovyo, basi nikaongeza betri kubwa ili isilale. Halafu mtu akala krisps mashine isisikie, Madam akaniambia niiongezee masikio. Nikaongeza.

Nadhani niliongeza kupita kiasi. Kesho yake ilinyamazisha kiti. Ikanyamazisha mwavuli ukifungwa. Kuna jamaa hakuwa amekula, tumbo likanguruma, ikamwambia hapa si sokoni. Akainuka akakiomba kizimba msamaha.

Katika kipindi hicho hicho mpini mpya wa Mzee Mutiso ukatoka. Safari hii tuliufanya mnene, na ndani tukapitisha chuma. Akaushika. Haukuvunjika. Lakini hakuwa ameujaribu kwenye mbao ngumu, kwa sababu kuchonga kunahitaji nyundo, na nyundo ni kelele, na treni zote tulizitumia kwa drili. Tukakubaliana ataujaribu mbele ya mgeni.

Siku ikafika. Hall imepambwa, viti vimepangwa, kikundi cha akina mama cha nyimbo kimevaa sare. Madam aliniahidi ataizima mashine kabla ya sherehe. Mimi nikahangaika na printa, sikuuliza tena.

Mkubwa akaingia, mrefu, suti ya kijivu, faili kwapani. Akapelekwa mbele. Akavuta pumzi kama wafanyavyo wakubwa, akanguruma:

"Hamjambo wananchi wa Makadaraaa!"

"Kimya tafadhali. Hapa si sokoni."

Wakuu. Wakuu.

Akageuka. Madam Syombua amesimama hatua chache nyuma yake, mdomo umefungwa, uso haujatikisika. Sauti ni yake, mtu hana shaka.

"Samahani, Madam," mkubwa akasema. Akashusha sauti. "Nimefurahi sana kuwa..."

"Kimya tafadhali. Hapa si sokoni."

Akashusha zaidi. Nikapenya pembeni ya ukuta mpaka kwa Madam. "Madam, funguo."

"Ngoja kwanza."

"Madam, ni mgeni wa heshima!"

"Namsikia," akasema bila kunitazama. "Anaongea vizuri hivyo."

Na kweli, alikuwa ameshapata kiwango. Mkubwa alihutubia kwa kunong'ona. Hotuba aliyoandikiwa akaikunja, maana ilikuwa na maneno ya kupaza. Akawa anasema tu mambo yake, ati anapenda kuona watu wakitengeneza vitu, ati nyumbani kwake hata balbu hawezi kubadilisha na watoto wanamcheka.

Walio nyuma hawasikii, wakasogea na viti vyao, wanavibeba mikononi visiburuzike. Mwisho tukawa tumemzunguka kama watu wanaoota moto.

Mmoja akapiga makofi, akanyamazishwa. Tukapunga viganja hewani. Akina mama wakaimba wimbo wao kwa pumzi. Vigelegele vilipigwa, nimeviona kwa macho yangu, ndimi zinacheza, hakuna kinachotoka.

Kisha ikawa zamu ya Mzee Mutiso. Kipande cha mpingo mezani, patasi yenye mpini wetu mkono wa kushoto, nyundo mkono wa kulia. Akainua nyundo. Akakitazama kizimba. Akatulia hivyo hivyo, nyundo juu.

Mkubwa akanisogelea sikioni. "Tunangoja nini?"

"Treni," nikanong'ona.

Akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimesema jambo la kawaida. Akasimama akangoja. Umati wote ukangoja treni.

Ikaja, tena ya mizigo, ile ndefu. Mzee akashusha nyundo. Tok tok tok tok! Vipande vinaruka, kizimba kinapiga kelele kwamba hapa si sokoni, treni haikijali, na ule mpini umekaa mkononi mwake kama umeota hapo. Nilikuwa naangalia vile vidole tu. Havikufunga, lakini havikuachia. Behewa la mwisho likapita, akasimamisha nyundo hewani. Mbele yake kulikuwa na mgongo wa mnyama, sijui yupi, lakini mgongo.

Macho yangu yalikuwa yameshalowa. Nikasingizia vumbi la mbao.

Ndipo Mzee Mutiso akamwinamia mkubwa, akamnong'oneza kitu sikioni.

Uso wa mkubwa ukabadilika. Akamshika Mzee mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa muda mrefu. Kisha akatugeuzia mgongo, akaelekea ukutani, faili mbele yake, kichwa chini, mabega yanatikisika kidogo. Tukajua ameguswa. Mama mmoja wa kikundi akaanza kujifuta machozi.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine. Akanong'ona, "Vifaa vinabaki hapa."

Hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Watu wakapiga kelele, kizimba kikawanyamazisha, wakapiga tena, kikasema tena.

Madam Syombua akachukua kiti, akapanda kwa utaratibu, akafungua kufuli, akachomoa betri. Akatugeukia kutoka juu ya kile kiti.

"Leo," akasema, "pigeni kelele."

Na wakuu, kelele haikutoka. Tulisimama tukitazamana. Hakuna aliyejua mtu huanzia wapi. Mpaka Mama Halima akauliza, kwa mnong'ono wa kweli, wa kwanza maishani mwake, "Tuanze sasa?"

Kicheko kilichofuata nadhani kilifika Kariokor.

Wakati wa chai nikakaa na Mzee Mutiso, nikamuuliza. Niambie, Mzee, ulimwambia nini yule mkubwa? Nikitarajia habari za ufundi wa mababu.

Akapuliza chai yake. "Nilimwambia zipu iko wazi."

"Zipu?"

"Tangu ameanza kuhutubia. Kama kungekuwa na kelele ningelazimika kusema kwa sauti, aaibike. Kimya kilikuwa kizuri, nikamwambia kwa heshima."

Kwa hiyo sijui, wakuu. Mimi nilikuwa nimeandaa maelezo kwa projekta kuhusu elimu ya vitendo na ajira kwa vijana, na hakuna aliyeyatazama. Labda vifaa vilibaki kwa sababu ya mpini. Labda kwa sababu ya treni. Mimi nashuku zipu.

Siku iliyofuata nilimuuliza Madam kwa nini alikataa kuizima. Alikuwa anapanga vitabu, hakuacha kupanga.

"Unajua mimi huomba kimya kwa nini?" akasema. "Si kwamba nachukia kelele. Nataka watu wamsikie mtu. Kitabu ni mtu anaongea. Jana ndiyo mara ya kwanza nimeona hall nzima ikimsogelea mtu ili imsikie. Ningeizima namna gani?"

Nilikaa naye miezi yote ile nikimzungusha na magodoro na soksi, na sikuwahi kumuuliza hilo swali moja dogo. Nilishamwamulia kwamba hataki kazi yetu.

Hilo ndilo nililojifunza. Mtu akikuwekea masharti ya ajabu, kabla hujaunda mashine ya kuyazunguka, muulize anataka nini. Huenda mnataka kitu kimoja.

Siku hizi asubuhi ni ya wasomaji na baada ya chakula cha mchana ni yetu. Mzee Mutiso anafundisha kuchonga. Yule mnyama alikuja kuwa kiboko. Mama Halima anachapisha vifuniko vyake, na ameleta akina mama wengine wawili ambao nao hawajui kunong'ona. Kazi ya kiwandani sijapata bado. Naendelea kutuma maombi, kwa ile ile wi-fi.

Sasa niko na swali kwa wenye uzoefu. Vumbi la mbao linaingia kwenye vitabu na Madam ameanza kupangusa kurasa akiniangalia. Kuna mtu amewahi kutengeneza kifyonza vumbi cha bei nafuu, ambacho hakingurumi sana?

Na kama mtaani kwenu maktaba, kanisa, hata ofisi ya chifu imewahi kugeuzwa karakana, tuambieni ilikwendaje. Uwanja ni wenu. Hapa ndani kila mtu aongee kwa sauti aliyonayo.